Hesabu kwenye Kifuniko cha Boksi

Dada afisa wa meza ya sita,
umeniambia niandike kwa ufupi.
Mimi fundi wa viatu, Kariokor,
ufupi naujua: ni wembe, ni futi,
ni ngozi isiyofika kidoleni.

Jina la mtoto: Nasimiyu.
Sisi Wakamba, yeye jina lake la Bungoma,
na hatulibadili. Alikuja nalo,
nalo na blanketi la hospitali
na barua yenye mihuri miwili.
Umri: saba, kwa kukisia kwa daktari
aliyemtazama meno kama mnunuzi wa mbuzi.
Uhusiano na mwombaji:
hapo kalamu ilikauka.

Miaka mitatu nimekuwa "mlezi".
Neno zuri, sina ugomvi nalo,
lakini usiku, kifafa kikimwachia,
hamwiti mlezi.
Anasema "Ba". Silabi moja
iliyomgharimu miezi kumi na minne
na mwalimu wa matamshi kila Alhamisi.

Sasa tunataka kumuasili.
Mbithe, mke wangu, analipenda neno hilo.
Anasema ukilipasua utakuta asili mle ndani
kama msumari ndani ya kisigino:
hauonekani, na ndio unaoshika.
Nami mbishi nikamwambia,
ukilipasua vibaya utakuta kuasi.
Tukacheka. Kisha tukatafuta kifuniko cha boksi
tukapiga hesabu.

Dawa za kifafa.
Mnyosha viungo, Pumwani, mara mbili kwa wiki.
Nepi za saizi ambayo duka la mtaa haliweki,
kwa kuwa watoto wa saizi hiyo "wameshaacha".
Tuktuk ya Waema, maana hakuna mwingine
anayekubali kukunja kile kiti cha magurudumu.
Viatu: sifuri.
Hapo nilitabasamu. Cha kulia nimekiongeza soli
robo tatu ya inchi, kwa mpira wa tairi la lori.

Akiwa wa serikali, serikali inatoa kidogo.
Haba na haba; kibaba hakijai, ila hakikauki.
Akiwa wetu, ulisema, msaada unakoma siku hiyo hiyo,
kwa kuwa mwana wa mtu ni mzigo wa mtu.
Hukusema kwa ubaya. Ulikuwa unasoma.
Nami nauliza tu: mguu wake
utajua hakimu amepiga muhuri?
Kifafa kitasoma hukumu kiseme,
ah, kumbe ana baba, basi nirudi zangu?

Wapo mtaani wasemao tunamla mtoto.
Tulipobadilisha bati moja lililovuja
mtu alisimama mlangoni akalitazama sana.
Ndiyo maana hata kuomba kunatuchoma:
mlezi akitaja pesa, huyo si mzazi;
mzazi akitaja pesa, huyo hana mapenzi.
Mapenzi yapo, dada. Yamejaa hadi kwenye ndoo za kufulia.
Lakini mapenzi hayamezwi
moja asubuhi, moja usiku, baada ya chakula.

Fomu yako ina mistari mitatu ya sababu.
Nimetumia mmoja:
Tunataka awe wetu, na aendelee kusimama.
Husimama tukihesabu hadi tisa,
ameshika meza yangu ya kazi,
gundi na nyundo zote nimezisogeza.
Jana alifika kumi na moja, lakini Mbithe hakuwepo
na anasema sikuhesabu sawasawa.

Ule mstari wa uhusiano nimeujaza.
Nimeandika Ba.
Kama hautoshi, niite nifute, uniambie niandike nini.

Jibu, umesema, ni siku tisini.
Vidonge viwili kwa siku, mia na themanini.
Kwenye mkebe, leo asubuhi, thelathini na vinne.
Mbithe amevihesabu mara mbili,
akafunga mkebe polepole
ili usilie.